Mashine ya Boila Mbili

Mimi ni mkaguzi wa boila. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na moja, na nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuamka siku moja nikaamua kumtesa mke wangu. Nimekagua boila za hospitali, za viwanda vya sabuni, za madobi wakubwa wanaofua mashuka ya hoteli. Naingia na tochi, kioo kidogo chenye mpini, na nyundo ya kugonga chuma nisikie kinavyolia. Nikiridhika naandika cheti. Nisiporidhika natoa mfukoni lebo nyekundu yenye neno moja, USITUMIE, naifunga kwa waya, naondoka, na kelele za mwenye kiwanda zinanifuata mpaka getini. Watu hawanipendi, nami sijawahi kuwalaumu.

Kwa hiyo mke wangu aliposema anataka kuleta mashine yenye boila mbili jikoni kwetu, pale kati ya jiko na kapu la vitunguu, alijua vizuri anazungumza na nani.

"Si boila za kiwandani," akasema. "Ni mashine ya kahawa, ya espreso. Boila moja ya maji ya kahawa, nyingine ya mvuke wa kupashia maziwa. Zote mbili ukizimwaga hazijazi ndoo."

"Boila ni boila."

"Basi na birika nalo lifunguliwe mashtaka."

Mke wangu alisimama nyuma ya mashine ya espreso miaka ishirini na miwili, katika mgahawa ulio mkabala na posta. Aliacha kwa sababu ya goti. Daktari alilitazama kwenye picha, akatikisa kichwa, akasema goti hilo limeshasimama zamu yake na za watu wengine watatu. Wenzake wakamuaga kwa saa ya ukutani, akarudi nyumbani. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita.

Sasa niseme ukweli ambao wakati ule sikumwambia mtu. Miezi saba hiyo ilikuwa mitamu kwangu kuliko miaka yote ya ndoa yetu. Zamani alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri, mimi naamka nakuta upande wake wa kitanda umeshapoa, nakunywa chai nimesimama kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani. Alipoacha kazi nikaanza kumkuta mezani. Tunakula mkate na mayai, ananimiminia chai, tunawateta majirani mmoja mmoja mpaka mwisho wa mtaa. Nilikuwa nimenogewa, sina cha kuficha.

Yeye hakuwa amenogewa. Ikifika saa nne asubuhi ameshafagia mara mbili, amepanga vijiko kwa urefu, amebishana na mtangazaji wa redio, na amekaa anaitazama mikono yake. Alikunywa kahawa ya unga ya kukoroga, na uso aliouweka ulikuwa wa mtu anayemeza dawa ya minyoo. Alikuwa anazimika, nami nilikuwa namwona anavyozimika, nikaendelea kula mayai yangu. Niliogopa kwamba mashine ile ikiingia tu, mke wangu ataanza tena kuamka na kuku, wateja wake wa zamani watasikia harufu wakiwa hukohuko walikohamia, na mimi nitarudi kunywa chai nimesimama. Usalama ulikuwa sababu nzuri, na mimi nilijificha nyuma yake.

"Kama lazima iwe mashine," nikamwambia, "si uchukue hizi zinazojulikana?"

"Zinazojulikana za bei yetu zina boila moja. Unatoa kahawa, halafu unasubiri ipande moto upate mvuke, halafu unasubiri ipoe utoe kahawa nyingine. Ni kama kupika wali na mchuzi kwa sufuria moja. Na zinazojulikana zenye boila mbili, bei yake ukiitaja kwa sauti unapaliwa."

"Na hii?"

"Hii haijulikani."

Hakuwa anatia chumvi. Ilitengenezwa na karakana ndogo ya watu watano, mahali ambapo hata posta hawakuwa na hakika napo. Kwenye mtandao nilikuta kikundi cha wamiliki wake, watu kumi na mmoja duniani kote, nikajiandikisha nikawa wa kumi na mbili bila kuwa na mashine. Nilisoma yote waliyoandika. Mmoja alikuwa ameandika kurasa sita kuhusu mpira mmoja wa kuzuia maji. Mwingine alilalamika kwamba yake inavuja, lakini inavuja kwa adabu. Maandishi kwenye vitufe yalikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua, na kitufe cha tatu hakuna aliyewahi kuthubutu kukibonyeza.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Watu kumi na mmoja, na wote wanaogopa kitufe."

"Mimi nitakibonyeza," akasema.

Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa anaishi mjini kwetu. Alikuwa daktari wa meno, na alikuwa anaiuza. Alisema mwenye saluni mmoja ameshaiona na ataichukua Jumamosi saa sita mchana, labda sisi tuwahi. Basi Alhamisi jioni, kabla jua halijazama, tukaenda kwake. Mke wangu alivaa gauni lake la harusini, lile la kwenda harusi za watu. Mimi nilibeba mkoba wangu wa kazi.

Daktari wa meno alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mikono safi kupita kiasi. Akatuingiza jikoni. Mashine ilikuwa juu ya meza, imekaa kwa heshima zake, chuma kitupu kinachong'aa, na geji mbili za presha mbele kama macho. Mke wangu akasimama mlangoni. Uso ulimbadilika. Sikupenda ulivyobadilika, yaani nilipenda, ndiyo maana sikupenda.

"Niliinunua kwa tamaa," daktari akasema. "Wiki tatu nimepigana nayo. Mkono wangu unatulia kwenye meno tu."

"Hebu tusogee," nikasema, nikafungua mkoba.

Nikavua kifuniko. Nikawasha tochi. Nikatoa kioo changu, daktari akakitazama, akafungua droo akatoa cha kwake, kidogo zaidi na kimepinda vizuri zaidi, akanipa. Kwa nusu saa tulifanya kazi pamoja mimi na yeye, vichwa vimegusana, yeye ananimulikia, mimi nasema "panua kidogo" kwa makosa. Niligonga boila zote mbili. Zililia vizuri. Viungo vilikuwa vimechomewa na mtu anayejiheshimu. Vali za usalama zilikuwepo, zote mbili. Kwa kweli nilikuwa sijaona kazi safi kama ile mwaka mzima, na jasho likaanza kunitoka, maana sababu yangu ilikuwa inaniponyoka mkononi.

Ndipo nikakitafuta kibati. Kila boila lazima iwe na kibati chenye namba, mwaka, na presha ya mwisho inayoruhusiwa. Nikatafuta mbele, nyuma, chini. Hakikuwepo.

"Hakuna kibati," nikasema.

Mkono wangu ukaingia mfukoni. Miaka thelathini na moja mkono huo unajua njia. Kabla sijapumua, lebo nyekundu ilikuwa inaning'inia kwenye bomba la mvuke, waya umeshazungushwa mara tatu na kufungwa kwa lakiri ya risasi, jikoni kwa mtu ambaye hajanikaribisha hata maji. USITUMIE.

Tukaitazama wote watatu.

"Hii... ni ya serikali?" daktari wa meno akauliza.

"Ni ya serikali."

"Nikiiuza nayo hivi?"

"Ni kosa."

"Nikiing'oa?"

"Ni kosa kubwa zaidi."

"Iondoe," mke wangu akasema.

Nikamweleza kwa utaratibu. Kanuni inasema mkaguzi akifungia kifaa ambacho ndugu, jamaa au mwenzi wake ana haja nacho, hawezi kukifungua mwenyewe. Lazima aje mkaguzi wa pili. Nimeshawapeleka watu watatu mahakamani kwa kung'oa lebo, siwezi kuwa wa nne.

"Umeiweka mwenyewe," akasema, "mbele ya macho yangu, kwenye kitu nilichokiomba mimi. Na Jumamosi saa sita inaondoka."

"Na mwenye saluni naye hawezi kuichukua," nikasema, nikidhani namfariji.

Njia nzima hakunisemesha. Asubuhi ya Ijumaa nilikuta mezani mkate umekatwa, mayai yamepikwa, chai imemiminwa na kufunikwa na sahani. Yeye alikuwa uani anafua mapazia yasiyo na uchafu. Nikala peke yangu. Mayai yalikuwa yaleyale, lakini hayakushuka.

Nikapiga moyo konde nikamwendea Kifungu.

Kifungu ndiye mkaguzi wa pili. Jina hilo tulimpa ofisini kwa sababu hawezi kukuambia habari ya asubuhi bila kutaja kifungu cha sheria. Tunatumia meza moja kubwa, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa kabati, na ugomvi wa dirisha una miaka kumi na mmoja. Kumwomba msaada kulinikata maini.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaiweka.

"Ya kahawa?" akauliza.

"Ya kahawa."

"Na mtumiaji ni shemeji?"

"Ndiye."

"Itabidi nione ikifanya kazi. Presha ipande, vali zifanye kazi, mtumiaji mwenye ujuzi awepo. Kesho saa tatu." Akatabasamu. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba Kifungu ana pengo.

Jumamosi tukakutana jikoni kwa daktari wa meno. Kifungu alikuja na mkoba na kijitabu cha sheria, akavaa kofia ya usalama. Daktari alikuwa amepanga viti vinne kwa mstari, kama ilivyo pale wagonjwa wake wanaposubiri zamu. Kifungu akaandika saa, akaandika tarehe, akageuka kwa mke wangu.

"Shemeji, endelea."

Mke wangu akavuta kiti kirefu, akakaa, goti bovu amelinyoosha pembeni, akafunga kanga kiunoni juu ya lile gauni. Akajaza maji. Akawasha. Geji zikaanza kupanda, ya kushoto polepole, ya kulia kwa haraka, na yeye hakuzitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Alisaga kahawa kwa kinu kidogo cha mkono alichokuja nacho kwenye mkoba wake, akaishika kwa vidole akaisugua, akairudisha, akasaga upya laini zaidi. Akaijaza kwenye kikombe cha chuma chenye mpini, akaigandamiza mara moja tu, kwa uzito wa bega. Kabla hajaanza kuitoa, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe cha tatu. Daktari wa meno akafumba macho. Ikawaka taa ndogo ya njano juu, ya kupashia vikombe.

"Waandikie wenzako," akamwambia daktari. "Wasiogope."

Halafu kahawa ikashuka, nyembamba, nzito, rangi ya asali iliyoungua, na wakati huohuo mkono wake wa pili ulikuwa umeshika jagi la maziwa chini ya mvuke, na sauti ya mvuke ikatoka kali halafu ikatulia ikawa kama mtu anayenong'ona. Boila mbili, mikono miwili, pamoja. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Alimsukumia Kifungu kikombe, akamsukumia daktari, akafuta bomba, akajaza tena, na bila kugeuka akasema, "Ninyi mmekaa kama mnasubiri kung'olewa," akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile miezi saba. Niseme hivi: sikuwahi kumwona mke wangu akifanya kazi. Nilimwoa, nikalea naye watoto wawili wakaenda zao, na yule mwanamke pale kwenye kiti kirefu nilikuwa ndiyo kwanza namwona. Nilijisikia mjinga, tena mjinga mzee.

Kifungu akanywa. Akafumba macho, akanywa tena, akamaliza. Akafungua kijitabu.

"Kifungu cha tatu, sehemu ya kwanza," akasoma. "Sheria hii haitahusu boila yoyote ya ujazo usiozidi lita kumi." Akafunga kijitabu. "Hizi hata ukizijumlisha hazifiki tatu. Kwa hiyo lebo hii haikuwa halali tangu ilipofungwa. Ni karatasi tu." Akatoa koleo akakata waya.

"Ulilijua hilo tangu jana!" nikasema.

"Nililijua. Lakini nilisikia shemeji atapika kahawa." Akakisogeza kikombe chake mbele apate nyingine.

Mke wangu hakuwa anamtazama Kifungu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe," akasema. "Ulijua?"

Ningeweza kusema nilisahau. Mtu anasahau. Lakini kifungu hicho ndicho cha kwanza tunachofundishwa, na mimi ndiye ninayewafundisha wapya.

"Nilijua."

Daktari wa meno akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Nilitaka ubaki," nikasema. "Asubuhi. Nimezoea kukukuta mezani. Niliona ukipata hii utarudi kule kwa watu wako na mimi nitabaki tena na chai yangu." Nilitaka kusema vizuri zaidi ya hapo lakini mimi ni mtu wa ripoti.

Akafunga bomba la mvuke.

"Kule kwa watu wangu," akasema, "kwa nini hukuja hata siku moja?"

"Unajua kwa nini. Mgahawa ulikuwa na boila, mke wangu anafanya kazi humo. Ningeingia, watu wangesema nawapendelea. Ndiyo maana nilimwachia Kifungu aukague."

"Siku ya ukaguzi, sawa. Na siku nyingine?"

Nilikuwa nimejizuia kuingia ule mlango miaka ishirini na miwili, na nilijiona mwaminifu sana.

"Waume wa wenzangu walikuwa wakipita," akasema. "Hata yule wa muosha vyombo, mlevi yule, alikuja Krismasi na maua ameyang'oa mahali. Kila mlango ukifunguliwa saa kumi jioni, natazama. Nilidhani unaionea haya kazi yangu. Wenzangu walifika mahali wakaamini sina mume, nimejizulia."

"Hilo ni kweli," Kifungu akasema, akajikohoza. "Mimi nilikuwa nawaambia kwamba upo. Nikawaambia tunatumia meza moja. Wakadhani tumepanga naye tuwadanganye."

Ningependa kuandika kwamba nilimkasirikia Kifungu. Sikuweza. Huyu mtu wa dirishani alikuwa amemwona mke wangu akicheka hivi kila mwezi, na hata alinitetea mbele ya wapika keki wa mgahawa kwamba mimi ni kiumbe hai.

"Naomba na mimi kikombe," nikamwambia mke wangu.

"Hapa si kwangu," akasema. "Hapa ni kwa daktari. Ukitaka kahawa yangu, njoo kwangu."

Akamgeukia daktari wa meno, wakamaliza habari ya mashine kwa maneno manne. Mwenye saluni akapigiwa simu, akasema kwanza anaogopa mambo ya serikali. Tukaibeba mimi na Kifungu mpaka kwenye gari, yeye akitaja kifungu kinachohusu ubebaji wa vitu vizito, mke wangu akitupigia kelele tusiiinamishe.

Jumapili niliamka saa kumi na mbili. Upande wake wa kitanda ulikuwa umepoa, kama zamani. Kutoka jikoni nilisikia maji yakijazwa. Nililala pale kidogo nikiangalia dari. Kisha nikaoga, nikanyoa ndevu, nikavaa suruali iliyopigwa pasi na shati jeupe. Badala ya kukata kushoto kwenda jikoni nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba nzima kwa nje, nikipita kando ya tangi la maji na kamba ya nguo, mpaka mlango wa jikoni wa nyuma. Jirani yetu alikuwa anafagia uwanja wake. Akaniona, akaegemea fagio.

"Umependeza! Wapi asubuhi yote hii?"

"Kunywa kahawa."

"Wapi?"

"Hapa."

Akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akaona bora aendelee kufagia.

Nikabisha hodi. Ndani kiti kikavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Mke wangu akanitazama kuanzia viatu mpaka shati, akakaa nalo lile shati muda mrefu, na midomo ikamtetemeka kidogo kabla hajaikaza.

"Karibu," akasema. "Lakini hatujafungua. Boila ya pili bado haijapata moto, itachukua dakika ishirini. Subiri hapo nje kama wateja wengine."

Akafunga mlango. Nikasubiri.